Vitundu vinne begani, na swali tunalolisahau

Kaka yangu mkubwa alinipigia simu Jumapili moja jioni, sauti imejaa furaha. Bega lake la kushoto, lililomnyima usingizi kwa miezi mitano, lilikuwa limepata tiba. Amepiga picha ya MRI, amemwona daktari bingwa, na Ijumaa anapasuliwa. "Tena si ule upasuaji wa kuchana, mdogo wangu. Ni vitundu vitatu tu. Jumatatu nipo kazini."

Nilimsikiliza nikiwa kwenye kiti nilicholalia usiku ishirini na sita mfululizo, maana mtu aliyetoka kushonwa bega kulala chali ni adhabu. Mkono wangu wa kulia ulikuwa umefungwa kifuani. Mimi pia nilitobolewa vitundu, vinne, na ngozi ilishafunga zamani. Kilichokuwa hakijapona ni kile kilichofanyika ndani.

Nimeishi ughaibuni miaka kumi na minne. Tangu bega langu liharibike nimeona kwamba sisi tulioko huku na wenzetu walioko nyumbani tunaanza na swali la pili. Tunauliza kama hospitali ina kamera ya kupasulia. Swali la kwanza ni hili: je, kuna daktari aliyelishika bega hili kwa mikono yake, akalizungusha, akalijua?

Niwaeleze kwanza ilivyo kazi yenyewe, kwa sababu kaka yangu hakuwa ameelezwa, na mimi nisingejua kama nisingeuliza. Kichwa cha mfupa wa mkono ni kikubwa, na kibakuli kinachokipokea kwenye bapa la bega hakina kina, kwa hiyo mifupa peke yake haiwezi kushikana. Kazi hiyo hufanywa na mfuko wa kiungo, ukingo wa gegedu, na kano za misuli minne zinazokikumbatia kichwa kile kama vidole vilivyoshika kikombe. Ndiyo maana mkono huzunguka kuliko kiungo kingine chochote mwilini, na ndiyo maana bega huteguka na kano zake huchanika.

Katika upasuaji wa matundu madogo, ambao madaktari huuita athroskopia, kijikamera chenye unene wa milimita 4 hivi hupitishwa kwenye tundu lisilozidi sentimita moja. Maji ya chumvi husukumwa ndani ili kupanua nafasi na kuzuia damu isiifunike kamera. Matundu mengine ni ya zana, na daktari hufanya kazi akitazama skrini. Kano iliyong'oka hurudishwa mfupani kwa nyuzi zilizofungwa kwenye vijipini vidogo vinavyozamishwa ndani ya mfupa. Wenyewe huviita nanga. Mgonjwa huwa usingizini, na mara nyingi hupigwa pia sindano ya ganzi shingoni, inayoufisha mkono mzima hadi kesho yake. Mimi niliamka nikautazama mkono wangu kama wa mtu mwingine. Wala si uganga mpya: Mjapani Kenji Takagi alichungulia ndani ya goti la maiti mwaka 1918, na mwaka 1931 Michael Burman wa New York alikuwa tayari ameandika juu ya kuchungulia viungo kadhaa, bega likiwemo.

Sifa zake ni za kweli. Msuli mkubwa wa nje haukatwi, kovu ni dogo, maambukizi ni nadra, na wengi hurudi nyumbani siku ileile. Lakini kano hushikana na mfupa kwa mwendo wake, nayo haijui kama daktari alipita kwenye tundu au kwenye mchano. Mkono hufungwa wiki 4 hadi 6. Mazoezi ya kutafuta nguvu huanza karibu na mwezi wa tatu. Kazi nzito ni miezi 6 au zaidi. Utafiti mkubwa wa Uingereza uliochapishwa mwaka 2017 uliwalinganisha watu walioshonwa kano kwa matundu na walioshonwa kwa upasuaji wa wazi, na baada ya miaka miwili makundi hayo mawili yalikuwa sawa. Kwa hiyo yule wa "Jumatatu nipo kazini" alikuwa amedanganywa na ukubwa wa tundu.

Sasa, msidhani huku ni peponi. Mimi nilianguka ngazini, nikajikinga kwa mkono, na kuanzia siku hiyo mkono ulikataa kuinuka. Nilipiga simu kliniki. Kwa simu hiyohiyo niliambiwa ni msuli umevutika, ninywe dawa ya maumivu, nisubiri zamu ya mazoezi tiba. Nilisubiri wiki saba, na katika wiki hizo zote hakuna aliyeligusa bega langu. Wa kwanza kuligusa alikuwa dada mmoja wa fiziotherapia, yaani hayo mazoezi tiba. Aliugeuza mkono wangu nje, kiwiko kikiwa ubavuni, akaniambia nikaze hapohapo, kisha akauachia. Mkono ukarudi wenyewe tumboni kama mlango usio na komeo. Alikaa kimya, akaandika, akanituma kwenye ultrasaundi siku hiyohiyo. Kano ilikuwa imekatika kabisa.

Kano iliyokatika kwa kuanguka, kwa mtu ambaye bega lake lilikuwa zima jana yake, si ya kusubirishwa. Kadiri siku zinavyopita hujivuta kurudi nyuma, na msuli wake hukonda na kugeuka mafuta. Nilipofika mezani ulikuwa mwezi wa nne, na daktari aliniambia wazi kwamba aliivuta kwa shida. Nina uchungu na jambo hili mpaka leo. Mfumo wa huku umejengwa juu ya wazo zuri, kwamba mabega mengi hupona bila kisu, lakini wazo hilo likifuatwa kwa simu bila mkono wa mtu, hata bega la haraka huwekwa foleni.

Nyumbani, kama kaka yangu alivyopitia, mlango uko upande mwingine. Alikwenda moja kwa moja kwa bingwa, ndani ya siku mbili. Hilo mimi nalionea wivu. Lakini picha ilitangulia mikono. MRI ilionyesha kano imechanika kidogo na nafasi juu yake ni finyu, na kwa maneno hayo tu akapangiwa "kusafishwa bega". Nilimuuliza: daktari alikuvua shati? Hapana. Aliusogeza mkono wako? Aliuliza unaishia wapi. Alijua una kisukari? Hakuuliza.

Kaka ana miaka hamsini na minane. Kwa umri huo, kano zenye michaniko midogo huonekana kwenye picha za watu wengi wasio na maumivu yoyote. Picha husema kilichopo. Haisemi kama ndicho kinachouma. Na huko "kusafisha", yaani kupunguza mfupa na tishu juu ya kano ili kupanua nafasi, ndiko kulikopimwa kwa ukali. Utafiti uliochapishwa na jarida la tiba la The Lancet mwaka 2018 uliwafanyia wengine upasuaji kamili, na wengine waliingiziwa kamera tu bila kupunguzwa chochote. Nafuu yao ililingana. Mwaka 2019 jopo la jarida jingine la tiba, BMJ, likashauri kwa nguvu upasuaji huo usifanywe kwa maumivu ya aina hiyo. Haya yameandikwa hadharani, lakini mgonjwa aliyekaa mbele ya meza ya daktari hawezi kuyajua asipoambiwa.

Nikamwomba kitu kimoja. Asighairi, aahirishe tu, amtafute daktari wa pili anayeshughulika na mabega hasa. Alikasirika. Aliniambia ughaibuni kumenifanya niwaone madaktari wa nyumbani si kitu. Maneno hayo yaliniuma kwa sababu mimi nilikuwa nawaza kinyume chake: nyumbani wapo mabingwa hodari, ila tumezoea kuwaheshimu kwa kunyamaza, na daktari asiyeulizwa hujibu pungufu. Huku nimejifunza kwamba kuuliza si utovu wa adabu. Daktari aliyenipasua nilimuuliza anashona kano ngapi kwa mwaka, akanijibu kwa idadi bila kununa. Nikamuuliza ikichanika tena je. Akasema hutokea, na si mara chache, hasa mchaniko ukiwa mkubwa, kwa wenye umri mkubwa, na kwa wavutaji sigara. Nikamuuliza mwisho: ningekuwa mdogo wako, ungenipasua? Akafikiri kabla ya kujibu. Hapo ndipo nilipomwamini.

Kwa hiyo mkimtafuta daktari wa bega, msianze na mtu anayesifiwa kwa mashine. Bingwa wa mifupa ni lango pana. Ndani yake wapo wa nyonga, wa goti, wa mgongo, na anayeshika bega mara moja moja si sawa na anayeshinda nalo. Muulizeni kazi hiyohiyo anayotaka kuwafanyia ameifanya mara ngapi mwaka huu, na kama anaweza kugeukia upasuaji wa wazi akiona matundu hayatoshi. Muulizeni kuhusu ugumu wa kiungo baada ya kazi, kuhusu mishipa ya fahamu, kuhusu maambukizi. Mwambieni magonjwa yenu yote. Halafu mtafuteni mtu wa fiziotherapia kabla ya tarehe ya upasuaji, si baada. Nikilazimishwa kuchagua kati ya daktari hodari asiye na mpango wa mazoezi na daktari wa kawaida mwenye mpango ulioandikwa wiki kwa wiki, nitakwenda kwa huyo wa pili bila kusita. Na zaidi ya yote, sikilizeni kama daktari anaweza kutamka neno "usipasuliwe".

Kaka alimwona daktari wa pili baada ya wiki mbili. Daktari yule alimvua shati, akakibana kiwiko chake ubavuni, akajaribu kuugeuza mkono nje taratibu. Haukugeuka. Si kwa nguvu za kaka, wala kwa nguvu za daktari. Akaujaribu wa kulia, ukageuka bila shida. Eksirei ilikuwa safi. Akamwambia: hili ni bega lililoganda, mfuko wa kiungo umekaza, na wenye kisukari hulipata zaidi kuliko wengine. Tuanze na sindano ndani ya kiungo, tuangalie sukari isipande, na mazoezi. Matundu yapo, yanaweza kuufungua mfuko huo, lakini hayana haraka. Mwaka 2020 utafiti wa Uingereza wa wagonjwa 503 wa bega lililoganda ulilinganisha mazoezi pamoja na sindano, kunyooshwa mkono wakiwa usingizini, na kufunguliwa mfuko kwa matundu. Wote walipata nafuu, na hakuna njia iliyoziacha nyingine mbali.

Mazoezi anayafanya sebuleni kwake, na mke wake na binti yake humhesabia. Mimi yangu niliyafanya peke yangu ukutani, nikihesabu kwa sauti ili chumba kisiwe kimya. Hapo nyumbani kumeshinda huku kabisa, na hakuna ratiba ya hospitali ya huku inayoweza kunipa hilo.

Juzi alinipigia simu ya video. Alibana kiwiko ubavuni, akaugeuza mkono nje, ukafika nusu ya njia. Akaniambia nionyeshe wangu. Niliinua mpaka usawa wa jicho, ukaanza kutetemeka, naye akaanza kunihesabia.