Kijana alisema amefiwa, akapigiwa makofi

Jumamosi nilitoa shilingi 1,500 zangu, nikavuka Daraja la Nyali kwenda kukaa kwenye semina ya "kusudi la maisha". Mpwa wangu ndiye aliyenisumbua wiki nzima, ati nitakufa sijajijua.

Kwenye maswali, kijana mmoja wa safu ya nyuma akapewa maikrofoni. Akasema babake ana miezi mitatu kaburini, duka wamelifunga, na kila asubuhi yeye huangalia dari tu, haoni kinachomteremsha kitandani. Mhamasishaji hakumwacha amalize. "Badilisha mtazamo! Sema, mimi ni mshindi!" Ukumbi mzima ukasema. Makofi. Kijana akarudisha maikrofoni kwa mikono miwili, kama arudishaye sahani ya jirani, akaketi.

Kilio huanza mfiwa, ndipo wa mbali wakaingia. Hapa wa mbali walianza wao, mfiwa wakamnyamazisha.

Hayo ningeyameza. Lakini bwana yule akamtaja Viktor Frankl, ati daktari huyo wa Vienna alitoka hai Auschwitz, kambi ya mauaji ya Wanazi, kwa sababu "aliwaza mazuri". Hapo maji yalinipalia.

Hebu tuheshimiane. Frankl mwenyewe aliandika kwamba waliokuwa bora kabisa hawakurudi. Babake alifia kambi ya Theresienstadt, mamake akauawa Auschwitz, mkewe Tilly akafia kambi ya Bergen-Belsen. Hao waliwaza vibaya? Tena asimulia kwamba kati ya Krismasi ya 1944 na Mwaka Mpya wa 1945 vifo kambini vilizidi kuliko ilivyowahi kuonekana. Daktari wa kambi hakuona sababu katika chakula, wala baridi, wala maradhi mapya. Wengi walikuwa wamejiaminisha kwamba Krismasi itawakuta nyumbani. Siku ikafika, lango halikufunguliwa. Huko kuwaza mazuri ndiko kulikowamaliza, bwana mshindi!

Haya, nakiri shingo upande: Frankl alisema kweli kwamba mtu akinyang'anywa kila kitu hubaki na uhuru wa kuchagua atakavyoyakabili yaliyomfika. Ila hakuufanya uhuru huo fimbo ya kumchapia mfiwa. Aliwahi kujiwa na daktari mzee aliyefiwa na mkewe, miaka miwili hajapoa. Frankl akamuuliza: je, ungetangulia wewe, yeye angekuwaje? Mzee akajibu kwamba angeteseka mno. Basi, akamwambia, mateso hayo umemwepushia, na gharama yake ni wewe kubaki ukimlilia. Mzee akampa mkono, akatoka kimya. Swali moja tu, na hapakuwa na makofi.

Na wasiwasi kama wa kijana yule si ugonjwa wa kufukuzwa kwa kelele. Mwanafalsafa Kierkegaard, huko Copenhagen mwaka 1844, aliuita kizunguzungu cha uhuru. Mtazame mtoto anayesimama mara ya kwanza juu ya ukuta wa bahari, wenzake wako chini wanamwita. Magoti yanamcheza kwa sababu aweza kuruka na aweza kutoruka, na hakuna wa kumwamulia. Saikolojia yote ya udhanaishi, ile inayomtazama mtu kama kiumbe huru anayejitafutia maana ya maisha, imechota kisima hicho. Daktari wa akili Irvin Yalom alikuja kuitandaza mwaka 1980 kwa mambo manne: kifo, uhuru, upweke na kukosa maana. (Ndiyo, mwanafalsafa Mjerumani Heidegger naye ni mzee wa ukoo huu, na mwaka 1933 alijiunga na chama cha Nazi. Ukoo gani hauna wa kuuaibisha?)

Nilimkuta kijana nje, kwa muuza kahawa. Nikamlipia kikombe na kashata mbili.

"Duka la mzee lilikuwa la nini?"

"Cherehani, ami. Kuuza vipuri na kutengeneza." Akanyamaza kidogo. "Alikuwa akisikia mashine toka mlangoni, hajaigusa, ashajua imeharibika wapi."

"Nawe wasikia?"

Matatu mbili za kwenda mjini zilitupita, utingo wakiita. Hakuinuka.

"Singer nazisikia," akasema. "Hizi za Kichina bado."