Kombora sawa, ila mashine ya nani?

Kila mjadala wa manowari mitandaoni ni makombora tu, ina mangapi, yanafika wapi, na mimi nikiuliza injini imetoka kiwanda gani watu wananiona kama nimekuja kuharibu stori. Huku pwani mtu akiletewa boti anunue, anauliza kwanza mashine ni ya nani na spea zinapatikana wapi, mambo ya rangi baadaye. Sasa meli ya mabilioni ndo tusiulize?

Chukua Warusi. Manowari zao nyingi zinaendeshwa na tabaini za gesi, na gesi hapa sio ile ya mtungi wa jikoni jamani, hii ni ndugu yake injini ya ndege: inavuta hewa, inaibana, inachoma mafuta humo humo, ule moto unaotoka kwa kasi unazungusha mapanga, kisha nguvu inapita kwenye giaboksi mpaka kwenye rafadha huko nyuma. Ni nyepesi, na inawaka ndani ya dakika chache wakati boila la mvuke unalisubiri masaa. Ila inakunywa mafuta balaa, hasa ukienda taratibu, ndo maana meli nyingine zinafungwa tabaini ndogo za safari na kubwa za kukimbizia.

Na hizo tabaini zilikuwa zinatoka wapi? Mykolaiv, Ukraine, kiwanda cha Zorya-Mashproekt. Enzi za Sovieti haikuwa shida, wote nyumba moja. Ikafika 2014, Urusi ikachukua Crimea, rasi ya Ukraine, nayo Ukraine ikasema basi, injini hamna. Kulikuwa na frigeti (manowari za saizi ya kati) 6 za aina ya Admiral Grigorovich zimeagizwa kwa ajili ya Bahari Nyeusi, 3 zikapata injini, 3 zikabaki Kaliningrad, Urusi, zilikokuwa zinajengwa, kama maboya, bodi lipo mashine hakuna.

Najua kuna mtu atakuja hapa kusema si walitengeneza za kwao? Ndio, kiwanda cha Saturn kule Rybinsk kilizitoa, siwabanii, kutengeneza tabaini ya meli sio mchezo na nchi zinazoweza ni za kuhesabu. Lakini ilikula miaka, maana hata giaboksi ilibidi waanze upya, na miaka yote hiyo meli hazisogei.

Utamu uko kwenye yale maboya. Mawili wakauziwa India, na dili lenyewe ni kituko, meli anamalizia Mrusi ila injini India ndo inaenda kuzinunua Mykolaiv na kumpelekea azifunge. Tarehe 9 Desemba 2024, vita ya Urusi na Ukraine inakaribia kutimiza miaka mitatu, Mykolaiv imeshapigwa sana na makombora ya Urusi, INS Tushil, moja ya hizo mbili, ikapandishiwa bendera ya India pale pale Kaliningrad, na tabaini za Mykolaiv zinanguruma ndani yake.