Dhahabu ya Claudius ilimlenga nani?

Kwa hesabu ya mwanahistoria wa kale Cassius Dio, Claudius, kaisari wa Roma, alikaa Uingereza siku 16 tu mwaka 43 BK, wakati Warumi walipoivamia. Suetonius, mwandishi wa maisha ya makaisari, anamkata makali zaidi: hakupigana vita hata moja wala damu haikumwagika. Kazi ilikuwa ya jemadari Aulus Plautius na legioni zake nne, yaani vikosi vikubwa vya jeshi la Roma. Hata hivyo, miaka mitatu hivi baadaye ilitoka sarafu ya dhahabu yenye tao la ushindi, na juu yake kaisari amepanda farasi katikati ya milingoti miwili ya nyara, yaani nguzo zilizotundikwa silaha za adui. Maandishi yake: DE BRITANN, yaani ushindi juu ya Waingereza. Wengi wakiiona husema ni propaganda tupu ya kuwahadaa raia.

Raia gani hao? Aureus moja, yaani sarafu hiyo ya dhahabu, ilikuwa na thamani ya dinari 25 za fedha. Askari wa legioni alilipwa dinari 225 kwa mwaka, yaani aureus tisa, kwa mafungu matatu, tena akikatwa chakula na mavazi. Kama yeye aliambulia tisa, muuza mboga wa Roma angeipata wapi hata moja? Dhahabu ilizunguka zaidi jeshini na kwa wakubwa, watu waliojua fika nani alipigana na nani alifika mambo yameshaiva. Askari hadanganyiki kuhusu vita aliyopigana mwenyewe. Anachoweza kupewa ni heshima: malipo yenye picha ya tao lililojengwa kwa jasho lake.

Wanaopinga hoja yangu hii nao wana ushahidi. Mwaka 1957 huko Bredgar, Kent, mafundi wakichimba msingi walikuta aureus 34 zilizofukiwa karibu na wakati wa uvamizi. Ni karibu mshahara wa miaka minne wa askari wa kawaida, kwa hiyo huenda mwenyewe alikuwa ofisa. Zinaanzia enzi za Julius Caesar hadi Claudius. Katika mchanganyiko huo, wanasema, nani angehangaika na picha mpya? Kama habari, kweli sarafu ya Claudius ilichelewa. Kama shukrani, sioni ilipungukiwa nini.

Panaponibana ni kwa Trajan, kaisari wa baadaye. Mwaka 116 sarafu zake zilitangaza PARTHIA CAPTA, yaani Parthia, dola jirani ya mashariki, imetekwa: mateka wawili wameketi chini ya mlingoti wa nyara. Agosti 117 akafa, na mrithi wake Hadrian akayaachia majimbo mapya ya mashariki. Maandishi yale siyatetei. Ila jeshi lilikuwa limeingia Ctesiphon, mji mkuu wa Parthia, kweli, na aureus zake hazikupungua uzito Hadrian aliporudi nyuma.