Padi "haivuti"? Iachie mara kumi kwanza

Jumamosi kwenye banda la gemu pale Chikongola nimebishana na dogo mmoja anauza padi za mtumba, ananiambia "kaka hii ni ya Hall, haivuti na haitakaa ivute mpaka uzeeke nayo." Kuvuta ndio ile analogi, kile kijiti cha kidole gumba kwenye padi, kujisogeza chenyewe bila kuguswa. Nikamwambia poa, chomeka kwenye laptop tuione. Watu wakaangua kicheko, eti Mtwara hii siku hizi hadi padi inapimwa kama korosho!

Inapimwa ndio. Ila mi naona wengi tunapima kitu sicho.

Kwa ambao hawajawahi kufungua padi, chini ya analogi ya kawaida kuna potenshomita mbili, moja inasoma kulia na kushoto, nyingine juu na chini, na kila moja ina kijibati kinachoburuzika juu ya njia ya kaboni, sasa kwa vile kinaburuzika kila ukigusa basi kaboni inalika taratibu, vumbi lake linabaki humohumo, mwisho wa siku straika wako anaanza kutembea mwenyewe kuelekea kibendera cha kona na we umekaa unakunywa soda. Hall haina huo msuguano, ni sumaku na sensa inayoisoma bila kugusana nayo. Na wala sio kitu cha jana, padi ya Dreamcast ya Sega ilitoka nayo mwaka 1998.

Lakini jamani, sensa haiirudishi analogi katikati. Inayorudisha ni springi, na springi inalegea kwenye zote mbili, plastiki inayoishikilia nayo inachakaa kwenye zote mbili. Hapo ndipo dogo alipokwama. Tumefungua ukurasa wa kupimia kwenye brauza, analogi imetulia, inasoma karibu na sifuri kabisa (sifuri ni katikati, 1 na -1 ni mwisho wa kila upande), dogo akapiga makofi. Nikaisukuma kulia nikaiachia, 0.02. Kushoto nikaiachia, -0.05. Juu, chini, kona, mara kumi hivi, na kila mara inalala mahali tofauti.

Ni kama mizani ya ghalani msimu wa korosho. Mizani inayokupunja kilo moja kila gunia utaijua tu na hesabu utaiweka sawa, ila ile inayosema 80 sasa hivi, ukishusha gunia lilelile ukapandisha tena inasema 82, hiyo utairekebishaje? Padi ni hivyohivyo. Ikilala pembeni lakini palepale kila siku, kalibresheni, yaani kuielekeza padi katikati yake ni wapi, inaitibu. Ikilala kila mahali haina dawa, labda ubadilishe moduli nzima, na moduli ina miguu 14 ya kuyeyusha risasi, ukimpata fundi mwenye haraka anaondoka na njia za bodi.

Kuna na wale wa upande wa pili, wenye presha. Anaona 0.00392 kwenye padi ya PS4 anaanza kulia imekufa. Haijafa mzee! Padi hiyo inatuma namba kuanzia 0 hadi 255, katikati yake ni 127.5, na nusu haipo, kwa hiyo lazima ilale 127 au 128, brauza ikiigeuza kuwa kipimo cha -1 hadi 1 ndio inatokea hiyo 0.00392. Hatua moja tu ni kama 0.008, hizo desimali nyingine zote mapambo.

Na sifuri kamili iliyoganda ndio mi huwa naiogopa zaidi, maana padi nyingine zinauficha huo mvuto humo ndani zenyewe. Isukume kwa ncha ya kidole polepoleee, ukiona namba imekaa sifuri halafu ghafla ikaruka, ujue kuna dedizoni imefichwa, yaani eneo la katikati ambalo ukisukuma halihesabiwi. Gemu nazo zina ya kwao. Maelekezo ya Microsoft kwa padi za Xbox kwenye kompyuta yanapendekeza dedizoni ya 7849 kati ya 32767 kwa analogi ya kushoto, yaani karibu robo ya safari yote haihesabiwi! Ndo maana padi mbovu inaweza kukaa bandani miezi na hakuna anayelalamika, mpaka aje mtu wa gemu za bunduki anayetaka kusogeza shabaha kidogo tu.

Ile picha ya duara ambayo watu wanapenda kuiposti, inayochorwa ukizungusha analogi pembeni kabisa, mi siipi uzito sana, pembeni kule unakuwa umesukuma mpaka mwisho, mchezaji anakimbia tu. Nitajie inarudi wapi ikiachiwa.

Padi yenyewe dogo aliishusha bei mara mbili sikuichukua. Kaichukua bodaboda mmoja aliyekuwa anatusikiliza muda wote, anasema yeye anacheza mieleka tu.