Orodha ya nyumba haiwezi kulipa shamba

Mto ukivunja kingo, karatasi ya kwanza huandikwa mlangoni: nyumba imeanguka au imesimama, watoto ni wangapi, nani hana pa kulala. Ni haki. Tope lililofunika Bushushu na Nyamukubi, huku Kalehe, Kivu Kusini, mashariki mwa Kongo, tarehe 4 Mei 2023, liliua watu zaidi ya 400. Siku kama ile nani aulizie mbegu? Tabu huja pale orodha hiyohiyo ya nyumba inapogeuzwa kuwa orodha ya wakulima. Kila kaya mfuko mmoja wa mbegu, sawasawa. Usawa huo mimi nauita uvivu wa kupima.

Tupige hesabu. Maharagi mafupi, yale yasiyohitaji miti, yakipandwa sentimita 40 kati ya mistari na 20 kati ya mashimo, mbegu mbili kila shimo, yanakula kilo 70 hadi 80 kwa hekta. Mwenye nusu hekta anataka kilo 35 hadi 40. Mpe kilo 5, atapanda kipande cha mita 20 kwa 35 na mfuko umekwisha. Viazi ndiyo usiseme: tani 2 hivi za mbegu kwa hekta, na bado hujamlipa mbebaji.

Kupima si kazi ya injinia. Kamba ya mita 50 yenye fundo kila mita 5, monita wa kilimo (yule anayewashauri wakulima kijijini), majirani wawili wa mpakani, na simu ya kupiga picha kwenye kila pembe. Ila ifanyike ndani ya wiki mbili. Ukichelewa, magugu yameshaota juu ya tope, mipaka imetembea usiku, na kila mtu ghafla alikuwa na hekta mbili.

Balaa la Mei linakuta msimu B, ule unaopandwa mwanzoni mwa mwaka, karibu na mavuno, kwa hiyo mbegu ya fidia ni ya msimu A, unaopandwa kuanzia Septemba, na sharti iwe mkononi kabla ya Septemba. Ikifika Novemba inaenda chunguni. Mbaya zaidi ni ile iliyopakwa dawa ya kuvu, yenye rangi nyekundu: watu huiosha na kuipika, na maji hayaitoi sumu yote.

Kwa mifugo, Marekani wana kitu cha kuiga. Mpango wao wa kufidia mifugo, ikiwa imeuawa na hali mbaya ya hewa, hulipa asilimia 75 ya bei ya soko kulingana na aina ya mnyama na umri au uzito wake, baada ya kuondoa vifo ambavyo vingetokea hata mwaka wa kawaida. Ile robo isiyolipwa inamwachia mfugaji sababu ya kukimbiza ng'ombe wake mlimani. Huku kwetu ningeongeza sharti moja: bei iwe ya soko la wiki kabla ya balaa. Baada yake, waliokosa majani huuza kwa bei ya kutupa. Mzoga ufukiwe haraka, lakini kwanza upigwe picha alama ya moto au ya sikio ikionekana, na veterineri aandike jinsia, umri na kama alikuwa anakamuliwa.

Pesa kwa simu ni nzuri, hadi majina yagongane. Kwenye orodha ni Mama Furaha, kadi ya uchaguzi ina jina lingine, na laini ilisajiliwa na shemeji. Wengine hulima shamba la kukodi, malipo yakaenda kwa mwenye ardhi ambaye hakununua hata mbegu moja. Alipwe aliyepanda, jirani wa mpakani anamjua.

Kisha kuna hasara isiyofidiwa kwa mbegu. Lava ya volkano ya Nyiragongo ya 22 Mei 2021 iliteremka hadi Buhene, ukingoni mwa Goma. Jiwe lile halipokei jembe. Aliyefunikwa shamba anahitaji kulipiwa kodi ya shamba lingine kwa misimu kadhaa, lakini orodha ya nyumba ina safu ya mabati, haina safu ya udongo.