Utafiti wa seli za kansa sio anasa, Mulago ndio ushahidi

Juzi asubuhi redioni walikuwa wanajadili kansa, msikilizaji mmoja akapiga simu akasema hospitali zetu za kansa ziachane na mambo ya maabara za seli na vinasaba, hayo ni ya Wazungu wenye hela, sisi tununue dawa na mashine za mionzi basi. Mtangazaji akaitikia "kweli kabisa". Limeniuma hilo neno siku nzima, maana wapo wengi wanaowaza hivyo na baadhi yao ndio wanaopanga bajeti.

Jamani, sayansi ya kansa ya dunia nzima ina deni Kampala. Mwaka 1957 Denis Burkitt, daktari wa upasuaji pale hospitali ya Mulago, aliitwa kuangalia mtoto aliyevimba taya, baadaye akaona mwingine na mwingine, 1958 akaandika. Machi 1961 akatoa mhadhara London, Anthony Epstein, mtafiti wa virusi, alikuwepo, akasikia kwamba uvimbe huu unafuata maeneo yenye joto na mvua nyingi, akahisi kuna kirusi. Toka hapo vipande vya uvimbe wa watoto wa Uganda vikawa vinapanda ndege kwenda London. Desemba 1963 London ilikuwa na ukungu, ndege ikaenda kutua Manchester, mzigo ukachelewa, ulipofika yale maji yaliyobeba vipande yamechafuka, mwingine angeyamwaga akijua bakteria wameshaingia, Epstein akaweka tone kwenye hadubini akakuta seli zinaelea, ziko hai! Wakaziotesha, na 1964 yeye, Bert Achong wa Trinidad na Yvonne Barr wakatangaza kirusi kinachoitwa mpaka leo Epstein-Barr, cha kwanza kuhusishwa na kansa ya binadamu. Seli zilitoka kwetu. Halafu leo tunaambiwa seli ni mambo ya Wazungu.

Ila historia sio hoja yangu kubwa, hoja yangu ni kwamba dawa bila maabara ni kubahatisha. Chukua kansa hiyohiyo ya taya, ambayo sasa inaitwa Burkitt kwa jina la yule daktari. Ndani ya seli kipande cha kromosomu namba 8 kinakatika na kuhamia, mara nyingi kwenye namba 14, jeni inayoitwa MYC, inayosukuma seli igawanyike, inajikuta mahali ambapo haizimwi, seli inagawanyika bila kupumzika. Uvimbe unaweza kuwa mara mbili ndani ya siku moja au mbili. Siku moja au mbili! Sasa mtoto wa namna hiyo ukimwambia mama yake arudi wiki tatu zijazo kuchukua majibu, umemwambia nini hasa? Na uchungu wake ni kwamba kansa hii inasikia dawa vizuri sana, watoto walitibiwa wakapona pale Uganda Cancer Institute, iliyoanzishwa 1967 kwa ajili ya uvimbe huuhuu, na dawa yenyewe kubwa, saiklofosfamaidi, ni ya zamani na sio ya bei ya kutisha. Dawa inaweza kuwepo stoo, mtoto yupo wodini, kinachokosekana ni mtu wa kusema kwa uhakika kwamba huu ndio ugonjwa wenyewe.

Wifi yangu alikatwa kipande kidogo cha nyama kwenye titi kikapimwe, hospitali siitaji. Tukasubiri, tukaambiwa ni kansa, halafu tukaambiwa kuna kipimo kingine cha kujua ni kansa ya aina gani na hicho hapa hakifanyiki, kinyama kisafirishwe. Tukachanga tena. Huo muda wote daktari, ambaye alikuwa mtu mwema na anajitahidi, hakuweza kuchagua dawa, maana dawa ya Herceptin inamfaa tu mwenye protini ya HER2 nyingi kwenye seli zake, na tamoksifeni inamfaa ambaye seli zake zina vipokezi vya homoni. Ukimpa asiyehusika umechoma hela ya familia na umempotezea muda ambao hana. Nani atasema hiyo ni anasa?

Sawa, nakubali, hospitali isiyo na dawa za maumivu haiwezi kuanza na mashine ya kusoma DNA, hilo msikilizaji yuko sahihi. Lakini hakusema hivyo, alisema tuachane nayo.

Kuna swali la malaria pia, kwa nini kirusi ambacho karibu kila mtu duniani anacho kilete uvimbe wa taya hasa kwa watoto wa huku kwenye malaria kali, hilo wa kulifuatilia mpaka mwisho ni sisi tunaoishi nalo. Na wapo watafiti Tanzania na Uganda wanaojaribu kupima damu tu, kutafuta vipande vya DNA ya uvimbe bila kusubiri kinyama, hao ndio wa kushikwa mkono sasa hivi.

Kwahiyo mkipanga bajeti msituletee jengo na utepe wa kukata peke yake. Wekeni fungu la kila mwaka la vitendanishi, yaani kemikali za kupimia, maana vinaisha na vinaharibika friji ikizimika, wekeni jenereta, na waajirini hawa vijana waliosoma biolojia ya molekuli, kuna ninaowajua wana digrii zao na wanauza laini za simu barabarani.