Tadalafili ya kila siku wakati wa mionzi ya tezi dume: je, inakinga?

Mwanamume aliyetibiwa saratani ya tezi dume kwa mionzi kwa kawaida hapotezi nguvu za kiume ghafla, kama inavyoweza kumpata aliyefanyiwa upasuaji. Hupungukiwa taratibu, kwa miaka miwili au mitatu, kadiri mishipa inayopeleka damu kwenye uume inavyodhoofika. Ndiyo maana wazo la kumpa mapema tadalafili, dawa ya kusaidia uume kusimama, kabla hajaona kasoro, linavutia: damu ikiendelea kupita vizuri, huenda uume ukasalimika.

Wazo hilo lilipimwa kwa wanaume 242 wa Marekani na Kanada, na matokeo yakachapishwa mwaka 2014. Baadhi walimeza tadalafili miligramu 5 kila siku kwa wiki 24, wengine kidonge kisicho na dawa. Kati ya wiki ya 28 na ya 30, uwezo wa kusimamisha ulikuwa umebaki kwa asilimia 79 ya waliomeza dawa na asilimia 74 ya wenzao, tofauti ambayo kitakwimu haina uzito. Ulipotimia mwaka, zilikuwa 72 kwa 71. Hata wenzi wao, ambao nao waliulizwa, hawakuona nafuu ya maana.

Wanaoitetea kinga hii wanasema mwaka mmoja ni mfupi mno kwa madhara yanayokawia, na hapo, kwa maoni yangu, wana hoja nzito. Utafiti wa New York uliochapishwa mwaka huohuo, uliotumia sildenafili (Viagra), dawa ya kundi hilohilo, miligramu 50 kwa miezi sita, ulionyesha kwamba baada ya miaka miwili waliobaki na uwezo walikuwa asilimia 82 ya waliomeza dawa dhidi ya 56 ya wenzao. Lakini hesabu hiyo iliwajumuisha hata waliosimamisha kwa msaada wa dawa, na tofauti yenyewe ilivuka kizingiti cha takwimu kwa shida. Kwa ushahidi huo singemwambia mtu atoe fedha mfukoni kila mwezi kununua kinga.

Tiba ni jambo jingine. Dawa hizihizi, zikimezwa tatizo linapojitokeza, huwasaidia wengi, isipokuwa wanaotumia naitreti za moyo (dawa za maumivu ya kifua), ambao shinikizo lao la damu linaweza kuporomoka kwa hatari. Na kwa anayepewa pia sindano za kushusha homoni ya kiume, linalotangulia kuondoka mara nyingi ni hamu yenyewe, ambayo kidonge hakiirudishi. Swali la kumuuliza daktari ni kama sindano hizo zinahitajika kweli, na kwa miezi mingapi.